Kuchagua rimu na msuko wa spoku kwa magurudumu yako ya kwanza

Swali la jinsi ya kuchagua rimu na msuko wa spoku kwa anayejisukia magurudumu ya baiskeli kwa mara ya kwanza hujibiwa vipande vipande kila linapoulizwa, na kila jibu huacha kitu nje. Nimeandika somo zima hapa ili atakayeuliza tena aelekezwe huku.

Hatua ya 1. Soma kipenyo ubavuni mwa tairi (milimita 622, 584 au 559), kisha utafute rimu yenye namba hiyohiyo.

Hatua ya 2. Idadi ya matundu ya habu (kitovu cha gurudumu) na ya rimu ilingane: 32 yanatosha kwa wengi, na 36 ni kwa mizigo mizito.

Hatua ya 3. Chukua rimu ya alumini yenye kuta mbili, isiyo nyepesi kupita kiasi, kwa sababu rimu nyembamba huyumba kila unapogusa nipeli (kinati kinachofunga spoku kwenye rimu) na humchosha anayejifunza.

Hatua ya 4. Suka magurudumu yote mawili kwa kupishana mara tatu, yaani kila spoku ipishane na spoku tatu za upande wake. Mnyororo unapovuta, habu ya nyuma hutaka kuzunguka kabla ya rimu, na ni spoku zilizolala kwa mshazari tu zinazoweza kuupeleka msokoto huo hadi kwenye rimu. Breki za diski nazo huisokota habu, kwa hiyo msuko wa spoku zilizonyooka kutoka katikati haufai huko.

Hatua ya 5. Nunua spoku zilizopunguzwa unene katikati, milimita 2.0/1.8/2.0, kwa kuwa sehemu nyembamba hunyumbuka na kukipunguzia uchovu kiwiko, yaani pale spoku inapopinda kwenye habu.

Hatua ya 6. Pima mwenyewe kipenyo cha ndani cha rimu, kile kinachoishia pale nipeli zinapokaa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kata spoku mbili kuukuu upande wa kiwiko, kila moja ibaki milimita 250 kamili kutoka ncha yenye uzi. Zifunge nipeli utakazotumia mpaka ncha ifike chini ya mfereji wa bisibisi, zipitishe kwenye matundu yanayotazamana, zivute zikaze, kisha upime pengo lililobaki katikati. Likiwa 100, kipenyo ni 600. Rudia sehemu nyingine mbili za rimu na uchukue wastani. Usipime ukingo wa nje, na usiiamini namba ya kwenye lebo kabla ya kuihakiki, kwani kosa la milimita 4 kwenye kipenyo ni kosa la milimita 2 kwenye kila spoku. Spoku ndefu huishiwa uzi kabla ya mkazo kutimia. Fupi haifiki kwenye kichwa cha nipeli, na kichwa hicho hukatika baadaye.

Hatua ya 7. Kokotoa urefu wa spoku za kila upande peke yake, kisha uagize.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Habu yangu ina matundu 32 na rimu ina 36. Je, niruke manne?
Jibu: Hapana. Soma hatua ya 2.

Swali: Naomba urefu wa spoku za baiskeli ya kawaida.
Jibu: Urefu huo haupo. Leta vipimo vya rimu na habu yako. Bila hivyo nitakuwa nakubahatishia, na hasara itakuwa yako.

Swali: Mwalimu, kwa nini spoku za kushoto za gurudumu la nyuma hulegea hata nikizikaza vizuri?
Jibu: Umeuliza jambo la msingi, ndugu yangu. Gia huisogeza safu ya spoku za kulia karibu na katikati, hivyo spoku hizo husimama wima na hulazimika kubeba mkazo mkubwa zaidi ili kusawazisha mvuto wa kushoto. Za kushoto hubaki na mkazo mdogo, na gurudumu linapobeba uzito hukaribia kulegea kabisa, ndipo nipeli hujifungua. Kaza upande wa kulia hadi kikomo anachoruhusu mtengenezaji wa rimu, na upande wa kushoto uweke spoku nyembamba zaidi, kwa kuwa hurefuka zaidi kwa mkazo uleule na hivyo hazilegei upesi. Rimu yenye matundu yaliyosogezwa upande mmoja husaidia pia.

Swali: Nisipokuwa na kipima mkazo je?
Jibu: Zidonoe spoku kwa kucha na usikilize: za upande mmoja zitoe sauti moja. Kisha zibane kwa mikono mbili mbili zinazokwenda sambamba, kwa nguvu, ili viwiko vikae mahali pake, na unyooshe tena. Tone la mafuta kwenye uzi kabla ya kufunga nipeli litakurahisishia yote hayo.