Chupa ya maji, shabaha nzuri ya kujifunzia kukata kwa upanga

Chukua chupa nyembamba ya plastiki, ijaze maji mpaka juu, uisimamishe kwenye kigogo kisichoyumba. Uzito wa maji huizuia isiruke, na plastiki laini haiharibu makali. Ukishakata, okota kipande uangalie mkato: ukiwa laini kama wa wembe, makali yalifuata njia ya pigo, ukiwa umechanika na chupa imebonyea, upanga ulilala upande. Chupa tupu haifai, hupeperuka tu. Kioo, kopo la bati na mti mkavu usiviguse kabisa: vipande huruka na makali hupata mapengo. Mbele, nyuma na kando pasiwe na mtu. Ukimaliza futa upanga papo hapo, kutu haichelewi.