Jinsi ya Kuchagua Trela la Kulala Lililotumika Lenye Chumba cha Kusukumwa Nje

Kwa anayetaka kuegesha trela la kulala karibu na bahari, tuseme Raskazone mjini Tanga au Pangani, jambo la kwanza si mapazia wala jiko, bali ni kile chumba kinachosukumwa nje kwa mota ili kupanua nafasi ya ndani trela likiegeshwa, kwa kuwa aghalabu maji huanzia hapo kupenya. Mwombe muuzaji akitoe na kukirudisha mara mbili mbele yako. Kikitoka kimeinama upande mmoja, huenda reli zimepinda au gia zimelika. Kisha piga magoti ubonyeze kona za sakafu yake kwa kidole gumba: plaiwudi iliyooza hubonyea kama mkate uliolowa chai, na zulia jipya mahali hapo tu linatia shaka. Chini ya chasisi kwaruza kwa bisibisi, maana upepo wa chumvi hula chuma kimyakimya.

Trela lililotengenezwa Marekani kwa kawaida huwa na mlango upande wa kulia, yaani huku kwetu utashukia barabarani, na vifaa vyake hutumia volti 120 ilhali umeme wetu ni volti 230. Kwenye matairi, tarakimu kama 2319 humaanisha yalitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.