Kabla ya kuishtaki Serikali: mambo ya kuzingatia kwa wenye miradi ya uwekezaji Mombasa

Kuna kesi mbili ambazo kila mwenye mradi wa pesa za nje hapa Mombasa anafaa kuzijua, na zote zinatugusa Pwani. Ya kwanza ni ya World Duty Free, kampuni iliyokuwa na maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Ya pili ni ya Cortec, kampuni ya madini iliyotaka kuchimba mlima wa Mrima kule Kwale. Zote zilifika ICSID, kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji kilicho Washington chini ya Benki ya Dunia, na zote Kenya ilishinda. Walioshindwa walikuwa na karatasi zenye sahihi na mihuri. Kilichowaangusha hakikuandikwa katika karatasi hizo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mkataba wako na Serikali, au mkataba wa uwekezaji kati ya Kenya na nchi yako, hausomwi peke yake. Kifungu cha 42 cha Mkataba wa ICSID wa 1965 kinasema kwamba, ikiwa pande mbili hazikukubaliana sheria ya kutumika, waamuzi watatumia sheria ya nchi iliyoshtakiwa pamoja na kanuni za sheria ya kimataifa zinazohusika. Mkataba wa Vienna wa 1969 nao unataka mikataba ya nchi na nchi isomwe kwa nia njema, huku kanuni nyingine za kimataifa zinazozibana pande hizo zikizingatiwa. Na Katiba yetu ya 2010, ibara ya 2(5), imezifanya kanuni za jumla za sheria ya kimataifa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Hata wakili wako asipovuka Mahakama Kuu ya Mombasa, anaweza kuzitegemea.

Anza na uhalali wa mradi wenyewe, na hapa usiwe na haraka. Cortec ilipewa leseni Machi 2013, ikafutwa Agosti mwaka huo huo, na kampuni ikadai takriban dola bilioni 2 chini ya mkataba wa uwekezaji wa Kenya na Uingereza. Mkataba huo hausemi waziwazi kwamba uwekezaji lazima ufuate sheria za nchi. Waamuzi walisema mwezi Oktoba 2018 kwamba sharti hilo limo hata kama halikuandikwa, kwa kuwa mikataba ya aina hii imewekwa kulinda mali halali. Mrima ni msitu wa hifadhi, na leseni ilitoka bila idhini ya tathmini ya mazingira. Ikahesabiwa batili tangu siku ya kwanza, na ombi la kuutengua uamuzi likakataliwa 2021. Kwa hiyo weka mezani kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, idhini ya msitu au ya ufuo ikihitajika, na hati ya ardhi. Ibara ya 65 ya Katiba inampa asiye raia ardhi ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Kiwanja cha Nyali au Shanzu kilichoandikwa kwa jina la mwenyeji, ilhali mwenye pesa ni mgeni, hakijifichi: ibara hiyo hiyo inasema ardhi inayoshikwa kwa amana ni ya raia pale tu ambapo wanufaika wote ni raia. Litatue hilo mapema, kabla mawakili wa Serikali hawajaligundua.

Kisha hongo. Katika kesi ya World Duty Free, mkuu wa kampuni mwenyewe alieleza kwamba ilitolewa dola milioni 2 kwa Rais Daniel arap Moi ili mkataba wa 1989 upatikane. Uamuzi wa 2006 ulisema hongo inakwenda kinyume na maadili ya umma yanayotambuliwa na karibu mataifa yote, na dai likatupwa. Kwamba mpokeaji alikuwa mkubwa kuliko wote nchini hakukuiokoa kampuni. Kwangu mimi uamuzi huo ulikuwa wa haki, ingawa inauma kwamba aliyetoa ndiye aliyepoteza kesi, na upande wa aliyepokea ukapona. Kama kuna malipo katika vitabu vyako ambayo huwezi kuyaeleza, mwambie wakili leo.

Uraia nao unawanasa wengi wetu. Mtu wa Mji wa Kale mwenye pasipoti ya Uingereza ambaye bado ni raia wa Kenya hawezi kuishtaki Kenya kule ICSID. Kifungu cha 25 cha Mkataba wa ICSID kinamfungia mlango. Kampuni iliyosajiliwa hapa lakini inayomilikiwa na wageni inaweza kukubaliwa kama ya kigeni, ila lazima makubaliano hayo yawepo. Na usihamishie hisa ng'ambo mgogoro ukishaanza: kampuni ya Phoenix ilifanya hivyo dhidi ya Jamhuri ya Cheki, na 2009 ikakataliwa kwa kukosa nia njema.

Jiulize pia nani hasa alikukosea. Askari wa kaunti wakikufungia ghala kwa amri, kosa ni la Kenya. Kanuni za 2001 za Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, kuhusu makosa ya nchi, hazitenganishi kaunti na Serikali kuu. Shirika la umma likivunja mkataba wa biashara kama mfanyabiashara yeyote, mambo hubadilika. Ghana iliponea hapo 2010, katika kesi iliyohusu bodi yake ya kakao.

Halafu hasara. Tangu 1928 kanuni ni kwamba fidia ifute matokeo yote ya kosa, lakini sharti uthibitishe kosa ndilo lililoleta hasara. Kampuni ya maji ya Biwater ilishinda dhidi ya Tanzania mwaka 2008 kuhusu maji ya Dar es Salaam, isipate hata senti, kwa kuwa biashara ilikuwa imekwisha thamani kabla Serikali haijakosea.

La mwisho ni makaratasi ya kila siku. Ile kumbukumbu ya baraza la wazee iliyoandikwa kwa Kiswahili kwenye daftari la mistari, yenye alama za vidole za waliohudhuria, inaweza kuwa ushahidi kwamba wenyeji walishirikishwa. Lugha rasmi za ICSID ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, kwa hiyo itafsiriwe na mfasiri anayeaminika, na daftari lenyewe lisitupwe. Risiti za kaunti zipigwe picha kabla wino haujafifia, maana karatasi ile ya mashine haidumu kwenye joto letu.