Somo: Andika mahitaji ya filta ya FM kabla hujazungusha koili

Wakuu, ombi la "naomba saketi ya filta ya transmita" halijibiki mpaka tujue filta inatakiwa ifanye nini. Tuchukue transmita ya wati 1000.

Hatua ya 1: Masafa. Bendi ya FM ni megahezi 87.5 hadi 108. Hamoniki ni mawimbi yasiyotakiwa ambayo transmita hutoa kwenye mara mbili, mara tatu na kuendelea ya masafa yake. Hamoniki ya pili ya 87.5 ni 175, tayari ndani ya bendi ya televisheni ya 174 hadi 230. Kwa hiyo filta ipitishe mpaka 108, izuie kuanzia 175.

Hatua ya 2: Izuie kiasi gani? Tuseme leseni inadai hamoniki ziwe desibeli 70 chini ya wimbi kuu (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu; kila 10 ni mara kumi), na za amplifaya yako, bila filta, zimepimwa 40 chini. Filta inadaiwa 30. Ongeza 10 za akiba, maana koili za mkono hazitoki sawa. Andika: "desibeli 40 au zaidi, kuanzia megahezi 175." Desibeli bila masafa yake haimsaidii fundi.

Hatua ya 3: Ndani ya bendi inayopita. Hapa ndipo wengi hawaandiki kitu, na hapa ndipo transista zinapoungua. Upotevu wa desibeli 0.2 tu ni wati 45 za joto ndani ya boksi. Mtikisiko, yaani upitishaji kupanda na kushuka kadiri masafa yanavyobadilika, ni jambo jingine: ukiruhusu desibeli 0.1, hata vifaa visipopoteza chochote, wati 23 zinaweza kurudi kwenye amplifaya, SWR (kipimo cha nguvu inayorudi; 1 ni kwamba hairudi kabisa) ikiwa 1.36 hivi. Andika vyote viwili.

Hatua ya 4: Impedansi (ukinzani kwa mawimbi) ya omu 50 pande zote, kuingia na kutoka. Volti za kilele ni 316, na kapasita za ndani zinaweza kukutana na zaidi.

Sasa chagua aina. Aina mbili za kawaida ni Chebyshev, yenye mtikisiko, na Butterworth, isiyo nao. Kwa mahitaji haya Chebyshev inatosheleza kwa oda ya 7 (oda ni idadi ya koili na kapasita zinazofuatana), Butterworth inataka 14.

MASWALI

– Mkuu, mimi nataka SWR isizidi 1.2.

Basi shusha mtikisiko hadi desibeli 0.036. Oda ya 7 haitatosha kwa bendi nzima. Lakini kama stesheni haihami, tuseme iko megahezi 100, andika ipitishe mpaka 101, izuie kuanzia 199. Hapo 7 inatosha vizuri.

– Yangu ni ya wati 20. Nifuate hizohizo?

Mipaka ya masafa haibadiliki. Kilele kinashuka hadi volti 45 na joto halifiki wati 1, kwa hiyo kapasita ndogo zinafaa. Hatua ya 2 irudie upya: soma leseni yako, kisha pima amplifaya yako.