SOMO: Kupima sukari haraka mgonjwa akiletwa hajitambui

Wakuu, wengi wanakidharau kipimo cha kidole, yaani kuchoma kidole kupima sukari ya damu. Mgonjwa kaletwa hajitambui au ana degedege au jasho linamtoka na anaongea visivyoeleweka, watu wanaanza kubishana malaria kali au stroku. Hakikisha anapumua vizuri, kisha mmoja ashike mashine ya sukari.

1. Cheki kopo la stripu (vijiti vya kuwekea damu kwenye mashine), tarehe yake na kama lilifungwa, zikipigwa unyevu zinadanganya.

2. Safisha kidole. Hapa ndo watu wanaharibu. Nyumbani mtu akizimia ndugu wanamlambisha asali, wanammwagia soda, vidole vyote vinanata, ukichoma hivyohivyo mashine inakuletea 18 mmol/L kumbe mtu ana 2! Osha kwa maji na sabuni, ukitumia spiriti subiri ikauke kabisa.

3. Choma pembeni ya ncha ya kidole, futa tone la kwanza, la pili ndo uliguse kwa stripu. Usikamue sana.

4. Soma namba NA kizio chake (mmol/L au mg/dL). Mashine nyingine zinasoma mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L, so 54 ni 3 tu, sio kwamba sukari imepaa.

5. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L na hajitambui usimnyweshe kitu, atapaliwa. Mtu mzima anapewa dextrose (maji ya sukari ya mshipani) 50% mls 50 taratibu kwenye mshipa mkubwa, au ya 10% mls 250. Mtoto ni ya 10%, mls 5 kwa kilo. Rudia kupima baada ya dakika 15, maana inashuka tena hasa aliyemeza vidonge vya kisukari au anayepewa kwinini ya malaria.

MASWALI

Mgonjwa yuko shock (damu haizunguki vya kutosha), mikono ya baridi, kidole kinafaa?
Usikiamini mkuu. Chukua damu ya mshipa wakati unaweka kanula (mrija wa mshipani), ila sio mkono wenye dripu ya dextrose.

Mashine ikiandika HI badala ya namba?
Imezidi uwezo wa mashine. Tuma damu maabara, pima ketoni (asidi zinazotokea mwili ukichoma mafuta) kwenye mkojo, muite daktari sasa hivi.

Stripu zimeisha kabisa, tufanyeje?
Mtoto hajitambui na huna kipimo, mchukulie sukari imeshuka umtibu. Usisubiri maabara.

Mtoto hana damu kabisa, mashine inasema 4, nimwache?
Hapana dada, damu ikiwa kidogo sana mashine nyingi zinasoma juu kuliko ukweli. Hiyo 4 rudia, na sampuli nyingine iende maabara.