Basi la Dar hadi Mtwara: jinsi ya kutofika nyumbani na kunguni

Kunguni hana mbawa wala haruki kama kiroboto. Hutambaa tu, na akionekana chumbani kwako ujue kuna kitu kilimbeba. Kwa hiyo ukipanda basi la kwenda Lindi, Mtwara au Masasi, usihangaike sana na kuumwa njiani, hangaikia mzigo. Jike mmoja mwenye mayai, akijibanza kwenye mshono wa begi, anatosha kujaza kitanda.

1. Funga mzigo usiku wa kuamkia safari
Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana inashinda begi la kitambaa, kwani haina mishono. Hakikisha mfuniko umekaza: kunguni wa ukanda wetu wa joto anapanda hata plastiki laini. Kama huna ndoo, tumbukiza begi lote kwenye mfuko mzito wa taka, kunja mdomo mara mbili, kaza kamba. Kiroba hakitoshi, pindo lake la chini ni maficho tosha.

2. Kagua siti kabla ya kukaa
Washa tochi ya simu, kisha pitisha ncha ya kadi ngumu kwenye mshono pale mgongo wa siti unapokutana na kikalio. Kunguni mkubwa ana milimita 5 hadi 7. Ni bapa mfano wa punje ya ufuta, ila mkubwa zaidi na wa kahawia. Tafuta pia maganda makavu na vidoa vyeusi, kama kalamu ya wino imegusa kitambaa. Futa kidoa kwa tishu yenye maji: kikichuja rangi ya kutu, hicho ni kinyesi chake. Mwombe kondakta akuhamishie safu ya mbali, si siti ya jirani.

Tandika khanga ya rangi nyeupe au ya mwanga. Mkoba wa mkononi ukae mapajani, usiuweke sakafuni.

3. Buti
Omba mzigo wako usibanwe na godoro au sofa iliyokwisha kutumika. Magunia ya korosho hayana shida kubwa, godoro ndilo la kuogopa.

4. Ukifika, ishia uani
Hapa ndipo watu wengi hukosea: wamechoka, begi linatupwa juu ya kitanda. Usifanye hivyo. Vua nguo za safari uani, uzitie pamoja na ile khanga kwenye beseni. Chemsha lita 10 za maji. Yakiwa bado yanatokota yamwage kwenye beseni pamoja na lita 5 za bomba, zamisha nguo, funika, acha nusu saa. Mchanganyiko huo huanza kwenye nyuzi 70 na kitu, na hata ukipoa kidogo bado unaua kunguni na mayai. Sabuni na maji baridi peke yake haviaminiki. Nguo zinazochuja rangi ziloweke kando, na zisizovumilia maji ya moto zipige pasi, ukitulia kwenye mishono.

Begi tupu ligeuze nje ndani, sugua zipu na pembe kwa brashi kavu juu ya beseni jeupe, kisha mimina maji yanayochemka kwenye mishono. Kulianika juani tu hakutoshi, kunguni huhamia upande wa kivuli.

5. Dawa
Tafadhali, dawa iliyobaki ya mikorosho isiguse kitanda wala begi. Salfa ni ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na viuatilifu vya shambani hudhuru anayelala juu yake, watoto kwanza. Mafuta ya taa yanaweza kuunguza nyumba. Hata dawa za kupuliza za dukani mara nyingi hushindwa, kwa kuwa kunguni wengi wamezizoea; wanatawanyika tu hadi chumba cha pili.

6. Kagua baada ya siku 10
Katika joto la pwani mayai huanguliwa kwa siku 6 hadi 10 hivi. Siku hiyo inua godoro, mulika viungo vya chaga, pindo la godoro na mikunjo ya juu ya chandarua. Usisubiri vipele, wapo watu wanaoumwa bila kutoka kipele chochote. Ukikuta hata mmoja, mwagia chaga maji yanayochemka siku hiyo hiyo, kisha rudia ukaguzi kila wiki kwa mwezi mzima.