Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kuingiza Mizizi Hai ya Mimea Nchini Uganda

Kibali cha kuingiza mizizi hai ya mimea nchini Uganda huombwa na kupatikana kabla mzigo haujaondoka kwa muuzaji. Anayelipia mali kwanza na kuanza kutafuta karatasi mzigo ukiwa tayari kwenye mpaka wa Malaba au Mutukula, au uwanja wa ndege wa Entebbe anajiweka katika hatari ya kuona mali yake ikirudishwa ilikotoka au kuteketezwa kwa gharama yake mwenyewe.

Masharti haya yanahusu kila sehemu ya mmea inayokaa ardhini na kuweza kuchipua: viazi mviringo vya mbegu, tangawizi ya kupanda, machipukizi ya migomba, mizizi ya maua na miche iliyong'olewa. Tangawizi ya kupikia na ya kupanda hufanana kwa macho, lakini matumizi yaliyokusudiwa ni lazima yaandikwe wazi kwenye ombi, kwa kuwa kinachorudi ardhini ni hatari zaidi kuliko kinachoishia chunguni.

Ombi hupelekwa kwa Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi, yenye makao yake Entebbe, katika idara inayoshughulikia ukaguzi na uthibitishaji wa mazao. Andika jina la kisayansi la mmea pamoja na jina la kawaida, aina yake, kiasi, nchi na mahali ulikooteshwa, jina la muuzaji, njia ya usafiri, kituo cha kuingilia na mahali utakapopandwa. Ikiwa mmea huo haujawahi kuletwa kutoka nchi hiyo, wizara inaweza kudai kwanza tathmini ya hatari ya wadudu na magonjwa, kazi ambayo haifanyiki kwa siku moja. Kwa hiyo ni busara kuuliza mapema, hata kabla ya kujadili bei.

Kibali kikitoka, kisome chote. Masharti yaliyomo ndiyo yatakayofuatwa na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi ya muuzaji, ambayo kwa Kenya ni KEPHIS na kwa Tanzania ni TPHPA. Mpelekee muuzaji nakala, ili wakaguzi wa kwao waikague mali na kutoa cheti cha afya ya mimea kinachojibu kila sharti. Kama kibali kinadai tamko la nyongeza, kwa mfano kwamba shamba halina ugonjwa fulani, tamko hilo ni lazima lionekane kwenye cheti. Cheti chenye maneno yaliyofutwa au kurekebishwa bila kuidhinishwa na aliyekitoa hakina nguvu, na nakala iliyo kwenye simu si mbadala wa cheti halisi.

Udongo ndio unaosumbua zaidi, na wauzaji wengi huuchukulia kwa wepesi. Bakteria wa mnyauko, wanaoshambulia viazi na tangawizi, husafiri katika udongo ulioshikamana na mizizi, sawa na minyoo midogo iitwayo nematodi. Nematodi wa vifuko wa viazi, ambao waliripotiwa Kenya mwaka 2015, huacha vifuko vya mayai vinavyoweza kukaa udongoni miaka mingi bila kufa. Mwagize muuzaji aoshe mizizi na kuondoa udongo wote, na akihitaji kitu cha kuhifadhi unyevu, atumie kile tu kilichoruhusiwa kwenye kibali. Makreti ya mbao ghafi yawe na alama ya kimataifa inayoonyesha kwamba yametibiwa. Kwa njia ya joto, kiini cha ubao hufikishwa nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo.

Kwa upande wa forodha, wakala wako atawasilisha tamko katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, akiambatanisha ankara, orodha ya mizigo, hati ya usafirishaji, kibali na cheti. Katika orodha ya ushuru, mizizi na viazi vya maua huingia kifungu 0601, miche yenye mizizi 0602, lakini viazi mviringo vya mbegu vina nafasi yao, 0701.10. Mfanyabiashara mdogo anayetumia utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, asidhani kwamba cheti cha asili, yaani kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kinafuta ukaguzi wa mimea. Kinahusu ushuru tu.

Mzigo ukifika, mkaguzi wa mimea hulinganisha karatasi na mali, huikagua mizizi na anaweza kuchukua sampuli. Kwa kuwa mali hai huharibika haraka, mwombe wakala aandae tamko mapema na kumjulisha mkaguzi siku ya kuwasili. Mkaguzi anaweza kuachilia mzigo, kuagiza utibiwe, kuukataa, au kuupeleka karantini, ambako mimea huoteshwa peke yake chini ya uangalizi kwa sababu magonjwa ya virusi huweza kujificha hadi majani yachipue. Maadamu muda wa karantini haujaisha na hujapewa idhini ya maandishi, usihamishe, usiuze wala usigawie jirani hata chipukizi moja.